Lamwaka Aliyesomea Unipoti

Kila asubuhi Lamwaka alitoka nje na mswaki mdomoni, akaizunguka nyumba yetu. Alizunguka kwa upande uleule siku zote, mkono mmoja ukigusa ukuta, na penye bolti alisimama, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaendelea. Povu la dawa ya meno lilimtiririka pembeni mwa mdomo. Waliopita na madumu ya maji walimsalimia, yeye akawajibu "mmm," nao walimwelewa. Nyumba yenyewe ni ya mviringo, kwa hiyo ukizunguka vyovyote vile unajikuta umerudi mlangoni. Akifika hapo alitema povu, akasema, "Zote zipo," kisha akaingia kuvaa viatu aende chuo.

Nyumba hiyo tunaiita unipoti. Kama hujawahi kukaa kambi ya polisi hapa Kampala, nikuelezee. Chukua kopo kubwa la bati, livishe kofia ya bati iliyochongoka, toboa mlango, toboa vidirisha, basi, umemaliza. Waingereza waliwawekea askari wao enzi wanatawala, na nadhani walifikiria askari mmoja na kitanda kimoja. Sisi tulikuwa familia mbili humo. Katikati tuliweka pazia. Upande wa kulia alikaa Koplo Santina, ambaye kambi nzima humwita Mama Lamwaka, pamoja na huyo binti yake. Upande wa kushoto tulikaa sisi, yaani baba yangu Konstebo Wahabi, mama, na sisi watoto. Wao ni Waacholi wa kanisani, sisi ni Waislamu wa upande wa Arua. Ramadhani ikifika walihamishia sigiri yao mbali ili harufu ya chakula isitutese mchana, na Krismasi tulikula kuku wao mpaka mifupa. Nilichoandika hapa nimekiona kwa macho, na kama sikukiona basi nilikisikia, maana pazia si ukuta.

Kambini kuna sheria moja ambayo kila mtoto anaijua kabla ya kujua kusoma. Mtoto wa askari akitimiza miaka kumi na minane, atoke akajitegemee. Lamwaka alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa nayo wakati anamaliza sekondari, alikuwa nayo wakati anaingia chuo kikuu, na mwaka wa mwisho wa chuo bado alikuwa nayo. Rejista ya wakazi ilipopita, Mama Lamwaka alisimama wima na kusema, "Anakaribia, afande."

Sajenti Aloyo wa unipoti ya jirani, mwanamke mnene aliyebakiza muda mfupi astaafu na aliyekaa kambini kuliko sote, hakumwachia. "Santina, huyu mtoto yako namna gani? Mimi nastaafu, yeye iko kumi na saba. Mwisho mimi nitakuwa mdogo yake."

"Nyumba fupi, Sajenti," alijibu Mama Lamwaka. "Mtoto anakulia wapi?"

Chuo kikuu Lamwaka alikuwa ameomba sheria. Majina yalipotoka, akakuta amewekwa kwenye uhifadhi wa majengo ya kale, kozi ambayo watu wachache waliiomba. Jioni ile alimweleza mama yake, nasi upande wa pili tuliacha kutafuna ili tusikie vizuri.

"Kuhifadhi nyumba?" Mama Lamwaka aliuliza. "Kama askari wa zamu?"

"Si kusimama mlangoni, Mama. Ni kuitunza nyumba ya zamani isife."

"Nyumba inakufa?"

"Inakufa."

"Hii yetu inangoja nini?"

Baba yangu alipaliwa na tonge la posho, ikabidi apigwe mgongoni.

Mwaka mzima Mama Lamwaka aliwaambia ndugu zake wa Gulu kwamba binti anasomea sheria. Mpaka siku moja mjomba akapiga simu kuomba ushauri wa kesi ya shamba, Lamwaka akamsikiliza vizuri sana, halafu akamuuliza, "Mjomba, ile nyumba iliyo katikati ya shamba ilijengwa lini? Paa lake bado ni lile la mwanzo?" Mjomba alikata simu. Baada ya hapo ukweli ukajulikana.

Mimi shule niliiacha mapema, kwa hiyo nilipenda kumsikia akisimulia za chuo. Walipelekwa mjini kutazama maduka ya zamani ya Wahindi, yale yenye jina la mwenyewe limechongwa juu kabisa, mahali ambapo mtu anayetazama miguu yake haoni. Walipelekwa stesheni ya reli, walipelekwa makanisa ya vilimani. Alirudi sketi imejaa chokaa. Alisema ukuta wa zamani ukiupaka saruji unaunyima pumzi, unaoza kwa ndani kama kidonda kilichofungwa plastiki, kwa hiyo unautafutia chokaa. Alisema ukitengeneza kitu cha kale usibuni, na kama hujui kilivyokuwa, kiache. Na mwalimu wake, Dokta Nassolo, alikuwa na neno moja alilolirudia kila somo: nyumba huiulizi ina umri gani, unaiuliza imepitia mikono ya nani.

Kambini walimpa cheo. Walimwita Dokta wa Nyumba. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi kulikuwa na mstari wa wagonjwa mlangoni petu.

"Dokta, yangu navuja karibu na kitanda."

"Dokta, yangu nalia kama mbuzi upepo ikipiga."

Naye alipanda juu na kopo la lami, sketi ameifunga kiunoni, akaziba. Sajenti Aloyo alisimama chini akisimamia kazi ambayo hakuielewa. "Ongeza pale. Hapana, pale. Wewe chuo nafundisha nini?"

Sasa, nyuma ya uwanja wa mpira serikali ilikuwa inatujengea ghorofa. Kila siku tulitazama ikipanda. Mama yangu alishaamua kochi litakaa wapi, ingawa kochi hatukuwa nalo. Watu walihesabu vyumba kwa vidole wakiwa bado wanaviona kwa mbali. Habari iliyokuja na ghorofa ni kwamba tukishahama, unipoti zote zitabomolewa ziuzwe kama vyuma chakavu, na hakuna aliyesikitika. Mama Lamwaka alinunua nyundo. Aliiweka chini ya kitanda, na akiulizwa ni ya nini alisema ni ya kuagana.

Mwaka huohuo ndio kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua jengo moja na kutetea kwa nini lisibomolewe. Wenzake walichagua kanisa, msikiti, nyumba za machifu. Lamwaka alirudi nyumbani, akavua viatu, akasema taratibu, "Mama, nimechagua unipoti."

"Ipi?"

"Hii."

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini.

"Hii ya kwetu? Hii bati?"

"Hii, Mama."

"Nimekupeleka chuo kikuu utoke hapa. Sasa chuo kikuu nakurudisha hapa."

"Zikivunjwa zote, mtu atajuaje tulikaa vipi?"

"Asijue. Nani nataka kujua? Mimi nimekaa humu tangu wewe iko tumboni. Jua ikiwaka nachomeka kama samaki. Mvua ikinyesha siwezi kusikia hata sala yangu. Siku tunahamia ghorofa nachukua ile nyundo, nagonga hii kitu mpaka inakuwa sahani."

Baba yangu akakohoa kidogo. "Mama Lamwaka, ukianza, anza na upande wako. Sisi bado nalala."

Walicheka wote wawili kule, lakini Mama Lamwaka alikuwa hajabadilisha msimamo, na Lamwaka vilevile.

Jambo lilikuwa hivi. Chuo kiliandika barua kwa OC, mkuu wa kambi, kumwomba aache unipoti moja isimame. OC huyo alikuwa mgeni, alikuja baada ya sikukuu, na hakujua mwanafunzi aliyetajwa analala wapi, wala hakuna aliyejitolea kumwambia. Alijibu kwamba yeye anaona bati tu. Lakini kama walimu watakuja, waitazame kwa macho yao, na waseme kwa sahihi yao kwamba ina maana, atawaachia moja pembeni ya uwanja. La sivyo, zote ziende. Na Dokta Nassolo kwa upande wake alimwambia Lamwaka kwamba hatatia sahihi kwa maneno matupu. Alitaka ushahidi ulio kwenye nyumba yenyewe. Kwa hiyo unipoti na kazi ya mwaka mzima ya Lamwaka vilining'inia kwenye ziara moja.

Ushahidi aliupata kwenye rangi.

Kambini kuna desturi ambayo sijui ilianzia wapi. Ukipewa unipoti, hulali ndani kabla hujaipaka rangi nyingine. Ukilala kwenye rangi ya mtu, uhamisho wake utakufuata. Yeye kama alipelekwa Karamoja, jiandae kwenda Karamoja. Kwa hiyo kila askari aliyeingia alitafuta rangi popote alipoipata, hata kikopo, akafunika ya mwenzake. Lamwaka alikaa karibu na mlango, ndani, na wembe na maji na kitambaa, akakwangua. Alikwangua taratibu sana, ngozi moja ya rangi kwa siku, na kila alipofikia rangi mpya alikiacha kipande chake na kusogea kidogo. Mwisho ukutani kukawa na kitu kama ngazi ndogo, kila kipandio na rangi yake, kutoka krimu yetu ya juu mpaka ile nyekundu ya udongo iliyokuja na bati kiwandani.

Watu wakaanza kuja kuiona, na wakaanza kugombana.

"Hii kijani najua," alisema Sajenti Aloyo, akiinama kwa shida. "Hii ni ya Tarcisio. Sajenti wa magari. Alihamishwa Moroto, akaenda na mbuzi ndani ya lori ya serikali."

"Mbuzi ilikuwa ya Oloya," alisema baba yangu.

"Oloya alikuwa na kuku. Wewe ulikuwa hata hujaingia polisi, unajua nini mbuzi ya watu?"

"Na hii waridi?" aliuliza Lamwaka. Alikuwa akiandika bila kuinua kichwa.

Sajenti Aloyo alichekea mkononi. "Ile waridi ilikuwa ya Oyet wa bendi, mpiga tarumbeta. Alioa. Mke akasema siingii ndani ya rangi ya kijivu kama jela ya Luzira. Oyet akatafuta waridi Kampala nzima, akapaka mpaka kitanda. Sisi wote tulikuwa nakuja kuchungulia."

"Ilikuwa zambarau," alisema mama yangu.

"Iko mbele ya macho yako, unasema zambarau."

Mama Lamwaka alisimama nyuma yao na sahani ya mboga ya malakwang' mkononi, akisikiliza. Lakini watu walipoondoka nilimsikia akimuuliza binti yake, "Na ile krimu ya juu, ile ya kwetu, nilipaka mimi nikiwa na mimba yako. Hiyo umeandika?"

"Hiyo nimeiandika kabla ya zote, Mama."

Siku moja kabla ya ziara, jioni, Lamwaka aliwaambia majirani wote wasikie. "Kesho asubuhi walimu wanakuja, pamoja na OC. Wanakuja kukagua nyumba."

Angesema wanakuja kutazama, au kutembea, pengine mambo yangekwenda vingine. Lakini mke wa askari na mtoto wa askari ukiwaambia OC anakuja kukagua, mikono yao haingoji kichwa. Tumelelewa hivyo. Mkubwa akija, mawe ya njiani yanapakwa chokaa, nyasi zinakatwa, hata kuku wanafukuzwa wasionekane ovyo.

Alfajiri Lamwaka aliondoka kwenda chuoni ili aje na walimu wake. Aliyeanza alikuwa Mama Lamwaka mwenyewe, yule mwenye nyundo. Alitoka nje na kikombe cha chai, akaitazama unipoti kuanzia juu mpaka chini, kutu yake, michirizi ya lami, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyeona mtoto wake anakwenda kanisani na shati chafu.

"Wahabi," alimwita baba yangu. "Ile rangi ya bluu iliyobaki mlipopaka kituo, iko wapi?"

"Iko."

"Yote?"

"Debe nzima."

Basi. Nilipokwenda bombani kuchota maji nilimwacha baba juu ya ngazi na brashi, na niliporudi nusu ya mstari wetu walikuwa kazini. Sajenti Aloyo alipaka chokaa mawe, amekaa juu ya kiti. Mama yangu na Mama Lamwaka walikuwa ndani, vitambaa kichwani, wakipaka kuta. Walipofika karibu na mlango, mama yangu alisimamisha brashi.

"Na hii mikwaruzo ya Lamwaka?"

"Ameshaipiga picha, amemaliza nayo," alisema Mama Lamwaka. "Paka. Watu wa chuo watasema tunakaa kama panya."

Akapaka yeye mwenyewe, mara mbili, ili isionekane kabisa.

Walikuja kwa miguu kutoka getini. Mbele OC na fimbo yake kwapani. Nyuma yake Dokta Nassolo, mwanamke mdogo wa mwili na begi kubwa, halafu mwalimu kijana wa kiume mwenye kamera shingoni, na mwisho Lamwaka. Sisi tulikuwa tumejipanga kama gwaride. Unipoti ya bluu ilimeremeta juani kiasi kwamba OC alifinya macho. Lamwaka aliiona kutoka mbali. Mguu wake mmoja ulikataa kidogo, kisha ukaendelea.

"Ni ile ya bluu?" aliuliza Dokta Nassolo.

"Ndiyo, Dokta."

"Kwenye picha ilikuwa na kutu."

"Jana ilikuwa nayo."

Waliingia ndani. Harufu ya rangi ilichoma macho. Mwalimu kijana aliegemea ukuta ili apige picha, na alipojitoa bega lote la koti lilikuwa la bluu. Mama yangu alifungua mdomo kumwonya, akachelewa, akaufunga.

"Ngazi yako ya rangi iko wapi?" Dokta Nassolo aliuliza.

Lamwaka alionyesha ukuta karibu na mlango. Ulikuwa bluu, umenyooka, hauna hata alama. Pale nje, kwenye kizingiti, alikuwa amesimama Mama Lamwaka ndani ya unifomu iliyopigwa pasi, anatabasamu, anangoja kusifiwa. Kisha nikaona tabasamu linaanza kumtoka polepole, maana alimwona binti yake usoni. Lamwaka aliitazama mikono ya mama yake. Kucha zote zilikuwa na rangi ya bluu.

Angeweza kusema wameniharibia. Ingekuwa kweli.

"Dokta," alisema, "nilikuandikia kwamba nyumba hii inapakwa rangi ikipata mtu mpya, na ikipata ukaguzi. Leo imepata ukaguzi."

Dokta Nassolo alimtazama, akautazama ukuta, akamtazama mwenzake na lile bega. Akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kwa tumbo. "Sawa. Kwa hiyo bluu hii ni yetu sisi."

"Ni yenu, Dokta."

OC naye alishindwa kujizuia. "Mimi nimekulia ndani ya moja kama hii. Mkubwa akija, mama yangu alikuwa anapaka mpaka ndoo."

Kicheko kilipopungua Dokta Nassolo aliweka begi chini. "Lakini, Lamwaka nyabo, siwezi kutia sahihi juu ya kitu kilichofunikwa. Macho yangu yanaona bluu."

Lamwaka aligeuka mlangoni. "Mama, naomba nifute kidogo tu."

"Unafuta rangi ya ukaguzi mbele ya OC?" Mama Lamwaka alinong'ona, lakini sote tulisikia.

"Koplo," alisema OC, "mwache afute."

Rangi ilikuwa bado mbichi. Lamwaka alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa akafuta, polepole kabisa, mahali pa ukubwa wa kiganja. Bluu ilitoka kama uji. Chini yake zikarudi, moja baada ya nyingine: krimu, kijani, waridi, kijivu, mpaka ile nyekundu ya udongo. Watu waliokuwa wamesongamana mlangoni hawakungoja kuulizwa.

"Kijani ya Tarcisio ile."

"Tarcisio wa mbuzi."

"Mbuzi ya Oloya."

"Waridi ya Oyet. Dokta, alipaka mpaka kitanda."

"Zambarau."

Dokta Nassolo aliinama karibu kabisa, miwani ikigusa ukuta, akakaa hivyo muda. Aliponyanyuka hakuwa akicheka tena, alikuwa na uso wa mtihani.

"Swali la mwisho, na jibu lake ndilo nitakalotilia sahihi. Kwenye kazi yako umeandika kwamba mtafiti alitembelea nyumba hii. Watu hawamfungulii mgeni vifua namna hii. Wewe nyumba hii unaijuaje?"

Mama Lamwaka alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha kumwambia angalia. Baba yangu alitazama viatu vyake. Pale hakuna asiyeelewa. Akisema alitembelea, mwalimu hatamwamini, na bati linakwenda. Akisema kweli, OC yupo hapo hapo na fimbo yake.

"Sikutembelea, Dokta," alisema Lamwaka. "Naishi humu. Nyuma ya pazia lile, upande wa kulia. Nimekulia humu."

OC aligeuka taratibu. "Unaishi?"

"Ndiyo, afande."

"Koplo Santina. Huyu ni nani?"

Mama Lamwaka alisimama wima, mikono ya bluu mapajani. "Mtoto yangu, afande."

"Yule wa kwenye rejista? Wa kumi na saba?"

Kisha sauti ya Sajenti Aloyo ikatoka nyuma ya watu. "Alikuwa kumi na saba mpaka jana, afande."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia, na wa pili naye akashindwa kujizuia. OC aliuma mdomo wake wa chini. "Na leo?"

"Leo amekua, afande," alisema Mama Lamwaka.

"Amekua kwa usiku mmoja."

"Ndiyo, afande. Hawa wa siku hizi wanakua haraka."

OC aligonga fimbo kwenye kiatu chake. Nilimwona anafikiria, na nilimwona anashindana na uso wake usicheke. "Haya. Bati libaki, kama Dokta anatia sahihi. Lakini mtu mzima atoke, mwisho wa mwezi. Siwezi kuhifadhi vyote viwili."

"Ninatia," alisema Dokta Nassolo, akatoa kalamu kwenye begi.

Usiku ule nilisikia upande wa kulia wanaongea. Hawakuwa wamekasirika.

"Ungesema tu unatembelea."

"Asingesaini, Mama."

"Ningeacha bati iende. Si unajua nilikuwa naichukia."

"Ulikuwa?"

Mama Lamwaka akasema, "Mtu atatoka Ulaya aje atazame nilipokuwa napikia."

"Na nilipozaliwa."

"Ulizaliwa hospitali. Usiwadanganye watu."

"Na ghorofani sheria ni ileile, Mama. Ningekuwa na kumi na saba mpaka lini?"

"Mpaka uolewe," alisema Mama Lamwaka. Halafu wakacheka mpaka mama yangu akagonga bati wanyamaze, watoto wanalala.

Lamwaka alipata chumba mtaa wa Kyebando pamoja na msichana aliyesoma naye, na kwa matokeo yake Dokta Nassolo alimchukua kwenye kundi la kupima majengo ya zamani ya reli. Wiki ile ya mwisho mama yake alimfungia odii, karanga na ufuta vilivyosagwa, kwenye ndoo, ya kutosha kijiji, na walibishana juu ya masufuria. Godoro lilitangulia na bodaboda.

Siku yenyewe zamu ilikuwa imempanga Mama Lamwaka getini. Hakuomba kubadilishiwa. Nilikuwa nimetumwa kununua mkaa, nikawa nyuma kidogo. Lamwaka alifika na begi begani na ndoo mkononi. Watembea kwa miguu huwa wanapita pembeni ya kizuizi, wala hakuna anayewauliza kitu, lakini mama yake alinyoosha mkono akamsimamisha.

"Jina?"

"Lamwaka, afande."

"Natoka wapi?"

"Unipoti ile ya bluu."

"Nakwenda wapi?"

"Kyebando."

"Kurudi saa ngapi?"

Lamwaka alihamisha ndoo kwenye mkono mwingine. "Sirudi kulala, afande."

Mama Lamwaka alimtazama kidogo, akatengeneza kola ya blauzi yake iliyokuwa imekunjika. Kisha akaenda kwenye kizuizi, kile tunachowainulia magari ya wakubwa, akakiinua chote mpaka juu.

"Pita," alisema.

Lamwaka akapita chini yake, akakata kulia kufuata barabara ya Kyebando, ndoo ikimgonga gotini, na hakurudi.